Buti la Arvid na bunduki ya betri

Doreen, uko? Weka kahawa chini. Mume wangu Arvid amelipigilia buti lake msumari, mguu ukiwa ndani!

Si unajua anavyoisifia bunduki yake ya misumari, ile ya gesi? Asubuhi, nje theluji magotini, ikagoma. Akakisokomeza kichupa cha gesi kwapani kipate joto, kama kawaida yao mafundi. Ikapiga misumari miwili, ikazima.

Binti yetu Signe, fundi mwenzake, akamcheka. "Baba, mara ya mwisho umeisafisha lini? Shika yangu ya betri, haitaki kubembelezwa."

Akaishika. Kidole kwenye kifyatulio, huku anabishana, kama alivyozoea na ile goigoi yake. Akaishusha, ncha ikagota juu ya buti, na hiyo ikigusa tu inapiga. Pa!

Pa, Doreen! Msumari ukapita hadi kwenye ubao wa sakafu. Mguu hautoki!

Akauangalia. "Kweli," anasema, "ina nguvu."

Signe analia, mimi nacheka kwa woga. Hospitali wanasema msumari umepita katikati ya vidole, umechuna ngozi tu.

Lakini shoga, tuliporudi alifungua mkanda wake wa zana za kazi, wa miaka arobaini, akamfunga Signe kiunoni. Hakubishana tena. Hapo ndipo nilipoogopa.