Komamanga na Mguu wa Shemeji

Jumatatu, 4 Mei
Zimamoto kumi na wawili wameteremka mnara wa mazoezi mara kumi, kila mmoja na mpira wa maji wa kilo ishirini begani. Kuteremka, si kupanda: msuli unaouzuia mwili usianguke ndio uchanikao zaidi. Kwa siku tano, sita kati yao watakunywa maji ya komamanga yaliyokolezwa, nione kama yanaharakisha msuli kupona. Sita wengine, maji mekundu ya sukari. Chupa zina namba tu. Ufunguo wa namba umo katika bahasha iliyofungwa. Hata mimi siujui.

Miongoni mwao yumo shemeji, mume wa dada yangu. Wenzake humwita Korongo kwa urefu wa miguu. Ana miaka hamsini na mbili. Jumamosi ana mtihani wa mnara. Akishindwa, anahamishiwa chumba cha simu. Mkuu wa kituo ametaka pia kipimo changu: mguu ukivuta chini ya kilo arubaini, mtihani wenyewe hapewi.

Mguu wa Korongo kabla ya zoezi: kilo 52. Baada yake: 31.

Jumanne, 5 Mei
Kilo 29. Maumivu nane kwa kumi. Wenzake wanamuuliza: "Mzee, tukuletee mkongojo au tukubebe?" Akawajibu walie wao kwanza; yeye ni mkubwa, atalia mwisho.

Adhuhuri dada akapiga simu. "Mdogo wangu, andika mguu umekufa. Namba moja tu! Miaka ishirini na sita, king'ora kikilia tonge hunikwama." Nikamwambia namba si mali yangu. "Na mume ni mali ya nani?" Akakata.

 

Jumatano, 6 Mei
38! Nimerudia kipimo mara tatu, nikibadilisha hata mkanda. 38.

Miaka kumi na tisa nausoma msuli, na bado hunitoa jasho. Nyuzi zimekatika, hakuna fundi aliyeitwa, zinajishona zenyewe, mwenye mguu akikoroma. Ningekuwa mtu wa kupiga magoti mbele ya mizani, ningepiga leo.

Alhamisi, 7 Mei
Nimefika kituoni bila taarifa. Mezani: jagi moja kubwa, jekundu, na kando yake chupa kumi na mbili tupu. Wanazimimina zote pamoja — tangu Jumatatu!

Nikauliza nani aliruhusu. Mpishi wao, mama mtu mzima, akanishangaa: "Daktari, hapa hanywi mtu peke yake. Wanaoingia motoni pamoja hunywa pamoja." Dereva akaongeza kwamba nyingine zilikuwa tamu tu, nyingine chachu, wakaona haki ni kuchanganya.

Kosa ni langu. Nilificha namba kwa uangalifu wote, nisiulize watu hawa wanakunywaje. Hakuna tena kundi la kulinganisha. Kuhusu komamanga, utafiti huu haunipi neno hata moja la kusema.

Lakini wote kumi na wawili wanapona! Korongo 44. Nimebaki nimeduwaa mbele ya safu ya tarakimu zinazopanda, kama mtu aliyekosea njia akatokea penye mandhari.

Ijumaa, 8 Mei
48. Iwe imetokana na tunda, sukari, usingizi au jagi, namba ni ya kweli. Nimeipeleka kwa Mkuu.

Dada nimempigia mara mbili. Hapokei.

Jumamosi, 9 Mei
Naandika nimeketi chini ya mnara. Mkuu kaikunja karatasi yangu: namba imempa Korongo ruhusa ya kujaribu, basi, iliyobaki ni kazi ya ngazi. Kupanda na kushuka mara mbili, dakika sita.

Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, amepanda. Sasa anashuka — ghorofa ya nne — amesimama! Kiganja ukutani. Paja linatetemeka, naliona kutoka hapa. Dakika nne na sekunde hamsini.

Dada amefika. Hajanisalimia. Amepita mbele yangu hadi kwenye ngazi ya chini kabisa, ameinua uso.

Mguu mmoja umeshuka. Wa pili umefuata. Dakika tano na sekunde kumi — na sauti inayomhesabia, inayoupasua uwanja mzima, ni ya dada: "Ngazi nyingine, baba watoto! Nyingine! Nyingine!"