Kola za Mama Miwani

Jumatatu, 4 Machi
Mimi! Msimamizi wa safu ya pili kiwandani! Meneja alisema safari hii washonaji tujichagulie wenyewe — kura thelathini na moja kati ya arobaini! Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mume wangu ananiita bosi tangu nirudi, halafu ananiachia vyombo. Bosi gani huyu?

Jumanne, 5 Machi
Nilipokaa mezani mchana, soga ikakatika. Shoga yangu wa miaka sita eti "mheshimiwa, karibu"! Nikamwambia nitamchoma sindano. Wakaangua kicheko wote. Afadhali!

Jumatano, 6 Machi
Meneja kaniita. Keshokutwa nimtajie mzembe mmoja aondoke. Kwenye ubao wa hesabu, wa mwisho ni Mama Miwani: kola ishirini na mbili kwa siku, wenzake hamsini. Anashona hapa tangu mimi niko shule ya msingi. Raha yote imeniishia.

Alhamisi, 7 Machi
Kumbe! Leo nimemkodolea macho Mama Miwani. Mtu akipindisha kola, anampenyezea chini ya meza, kimya kimya. Mama anafumua, anashona upya, anairudisha — na inahesabiwa kwa aliyeiharibu! Hata mimi nilikuwa nampelekea. Nilidhani ni siri yetu wawili! Kumbe kila mtu alidhani hivyo hivyo.

Nikamuuliza mbona hasemi. Akasema tungeona haya, tungeacha kumletea. "Usiwachongee wenzio, mwanangu."

Nikisema, naianika safu nzima iliyonichagua. Nisiposema, anaondoka yeye. Looo!

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi niliwaambia wote, wazi. Leo hakuna kumpelekea Mama Miwani kitu. Kola mbovu zote kapuni. Walininunia. Lakini wakafanya!

Saa kumi kapu limefurika. Mama Miwani — kola sitini na moja! Wa kwanza ubaoni! Nilitamani kuruka juu ya meza.

Meneja akaja, akalitazama kapu. Nani kaharibu hizi? Shoga yangu akasimama: "Tisa ni zangu." Mwingine: "Kumi na moja." Nami nikanyoosha mkono, nimwambie nini, nilishazoea kupindisha! Mtu akaangua kicheko, cherehani zote zikasimama.

Naandika haraka hapa stoo. Meneja kamwita Mama Miwani ofisini, kafunga mlango. Nawaona kupitia kioo cha ofisi. Mama hakukaa. Anamwonyesha kidole shingoni — kola ya shati la Meneja mwenyewe, imekwenda upande! Anamwambia nini? Meneja amejishika shingo. Hacheki. Hafoki.

Sasa anafungua tai, anavua shati — naye anampa Mama kola yake aifumue!