Kiyoyozi Ulichozima

Masukulu, Rungwe

Ambwene,

Leo sikuiti mume wangu kama nilivyozoea, maana mwanaume hajifichi nyuma ya simu iliyozimwa.

Huku mvua haikatiki. Ng'ombe amezaa dume, na migomba ya nyuma ya choo imeangushwa na upepo. Mimi nasumbuliwa na magoti tu.

Dada yako Tusekile amesimamishwa kazi pale ushirika wa chai. Zile mashine zinazotunza hesabu za wakulima zimeungua kwa joto la chumba. Ufunguo wa chumba hicho alikuwa nao yeye, kwa sababu wewe mwenye kazi ya kuzitunza ulimwachia ulipokwenda Dar es Salaam, ukamwambia asiguse kitu. Meneja anasema ndiye aliyezima kiyoyozi. Anashinda analia, wala kujitetea hataki. Ananiambia, "Bibi, nikimtaja kaka atafukuzwa."

Mimi shule niliiacha darasa la pili, lakini masikio ninayo. Siku unaaga ulikaa jikoni kwangu unakula ndizi, ukacheka: "Bibi, kiyoyozi chao nimekizima. Tukuyu yenyewe friji, cha nini?" Na madirisha ukayafunga, eti wezi. Sasa hiyo baridi ya Tukuyu ingepitia wapi, we msomi?

Kikao cha kumfukuza Tusekile ni Jumatatu. Panda basi, uingie kwenye kikao hicho, useme kwa mdomo wako kwamba kiyoyozi ulikizima wewe. Ukishasema, ndipo uje kwangu ule.

Bibi yako,
Subilaga