Moyo Unakimbia Hata Bila Kahawa

Mshauri wetu mpendwa, ninakuandikia nikikaa na kuinuka, maana utulivu umenitoka. Niliondoka Songambele kijana, baba alipohama na ng'ombe kutafuta malisho, nikazeekea Mwanza, na mwaka huu nimerudi kwa dada yangu Kembabazi, baada ya dripu zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani kuupunguza uvimbe wa pafu langu hata daktari akatabasamu. Sasa kila nyumba ninayokwenda kusalimia naletewa kahawa ya kutafuna, punje kavu za kumkaribishia mgeni, nami sithubutu kuikataa, maana wataona nimeikataa nyumba, na jioni moyo unakimbia, pumzi inakata nikipanda kutoka kisimani, miguu imevimba. Nikasema ni kahawa. Kembabazi akacheka: "Kaka, umezoea lami wewe! Tembea tu." Lakini juzi nilishinda bila kutafuna hata punje, na moyo ukakimbia vilevile. Daktari alinionya kwamba kinga ikishaamshwa yaweza kuushambulia moyo, nikiona dalili nipige simu. Sijapiga. Nikipiga atasimamisha dripu, saratani itarudi, nami ndiyo kwanza nimepanda migomba yangu. Je, nisubiri dripu ijayo, ndipo niseme?

Novath, Songambele

Mzee Novath, shikamoo. Heshima nimetoa, sasa nikugombeze. Umejipima mwenyewe kwa kuacha kahawa, jibu umelipata, kisha umelificha! Dripu nyingine juu ya moyo unaoshambuliwa inaweza kukuua kabla ya saratani.

Hofu yako naielewa. Lakini dripu kusimama si lazima saratani irudi. Kinga iliyoamka huweza kuendelea na kazi, na daktari ana njia nyingine. Moyo unao mmoja.

Mpigie sasa hivi. Nenda hospitali leo, kwa gari, si bodaboda. Mtu wa kwanza kukupokea mwambie, "Nimetibiwa saratani kwa dripu za kinga," umwonyeshe kadi yako ya matibabu, asije akadhani ni presha tu. Wapime umeme wa moyo na damu. Wakikuta ni kinga, watakupa dawa za kuituliza, na mapema ndiyo salama. Usiziache ghafla kwa kuwa umepata nafuu.

Barua hii nimeisoma hewani kabla ya zamu yake kwa sababu nimepiga namba uliyoandika, hupokei. Dada Kembabazi, kama redio iko wazi hapo jikoni, acha kupika. Tafuta gari, mpeleke kaka yako. Migomba yake majirani wataitandazia nyasi.