Viti vya Mbele vya Mwalimu Nyaguthii

Jumapili, 9 Machi

Kwa huzuni nyingi natangaza kifo cha kiti kimoja cha plastiki, cheupe, kilichotutoka ghafla jana kwenye sherehe ya mahari huko Kerugoya, baada ya kukaliwa na mjomba wa bwana arusi. Kimeacha ndugu wengi na baba mmoja mwenye uchungu, ambaye ni mimi. Mjomba hakuumia. Aliomba kingine.

Leo nimeosha vilivyobaki. Kisha nikashona hema kwenye kona iliyochanika. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kukodisha hema na viti: watu wanaoa, watu wanakufa, mimi naosha.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu Nyaguthii amefariki. Asubuhi, usingizini, nyumbani kwake hapa juu ya Karatina. Alikuwa amekaribia miaka mia na bado ukimpitia alikuuliza unasoma nini siku hizi. Watu wanasema amepumzika. Mimi nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Darasa la kwanza nililifanya mara mbili. Mara ya kwanza na mwalimu mwingine, aliyeniweka nyuma pamoja na wajinga. Mara ya pili nikampata yeye. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akainua punje kwa vidole: hii ni mahindi ama ni maharagwe? Mimi sikuona hata vidole. Akanihamishia mbele kabisa, vumbi la chaki likawa linaniangukia kichwani.

Kisha akapita nyuma yetu akinong'ona, "Uji uko tayari." Aliyegeuka alibaki pale pale. Ambaye hakugeuka aliletwa mbele, maana hakuna mtoto asiyetaka uji, kuna asiyesikia. Ndivyo alivyopatikana Githaiga. Tukaketi pamoja, mmoja haoni, mmoja hasikii, tukajua kusoma. Mimi niliacha shule darasa la sita. Yaliyobaki nimeyasoma kwenye magazeti yaliyofungia nyama.

Karuga, mtoto wa chifu, aliketi nyuma. Masikio yake yalikuwa mazuri sana. Baba yake alikuja shuleni kulalamika. Akarudi nyumbani kama alivyokuja, na mtoto akabaki nyuma.

Jumanne, 11 Machi

Mkutano wa mazishi. Mwenyekiti: Karuga. Kila maiti ya wadi hii hupitia kwa kamati yake, na yeye ndiye husema nani alete hema. Kazi yangu karibu yote hutoka kinywani mwake.

"Kijana," akaniambia mbele ya watu, "hema ya mbele ni ya Mheshimiwa mbunge na watu wake. Weka sofa, weka viti vya utepe. Hawa wanafunzi wa zamani wasimame huko kwa ua. Ni wengi na ni wazee, wataharibu mpango."

Ananiita kijana. Umri wetu ni mmoja na nina wajukuu.

Nikauliza Githaiga atasikia nini akiwa huko kwa ua.

"Githaiga hasikii popote."

Wakacheka. Kusema kweli ilichekesha. Ndiyo maana nimeudhika hadi sasa.

Wanjira, binti ya Mwalimu, alikuwa akimimina chai. Nilipokuwa natoka akaniambia, "Mama hangekalia hiyo sofa." Basi.

Jumatano, 12 Machi

Karuga amepiga simu. Amesikia nanung'unika sokoni. Ni kweli, nimenung'unika kutoka kwa wauza viazi hadi kwa wauza viatu. Anasema kuna mtu wa Kutus mwenye hema mpya, ya madirisha. Viti visipokaa alivyosema, sitapanga kiti kingine wadi hii mpaka siku ya mazishi yangu.

Nikamuuliza hema ya siku hiyo itatoka wapi. Akakata simu.

Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha. Naogopa. Sina shamba la kahawa wala la chai. Hema ndiyo shamba langu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesimamisha hema zote. Sofa mbele. Vitambaa, utepe, maji ya chupa, kila kitu. Karuga akapita akigusa utepe mmoja mmoja kama anayechagua nyanya.

Nilimwitikia yote. Ndiyo mzee. Ndiyo mzee. Mtu anayekubali hivyo anafaa kuchungwa. Hakunichunga.

Ijumaa, 14 Machi

Tumemzika.

Nilifika mapema. Kabla mwili haujaletwa, wanafunzi wazee wa Mwalimu walikuwa wamesimama kando ya ua kama walivyoagizwa, wengine kwa mikongojo. Nikapita nyuma yao na koti langu la kazi, nikinong'ona, "Chakula kiko tayari." Aliyegeuka nilimwacha. Ambaye hakugeuka nilimshika kiwiko, nikampeleka hema ya mbele. Githaiga nilimpa sofa.

Kisha nikasimama kwenye nguzo ya hema, nikainua punje. Hapo wakaelewa wote. Wengine walicheka, wengine walilia, na mmoja alifanya yote mawili. Cucu mmoja, bibi kizee, akaniambia, "Hiyo ni maharagwe, lakini leo andika sijaona." Nikampeleka mbele. Alikuwa na haki ya kudanganya, ametembea kutoka mtoni.

Karuga akaja mbio.

"Nani amewaweka hawa hapa?"

"Mama," Wanjira akamjibu.

Akatugeuzia mgongo, akapanua mikono kuwafukuza wazee kama kuku. Nikasogea nyuma yake. Chakula kiko tayari, nikanong'ona.

Akageuka. Kasi ile sijaiona kwa mtu mwingine leo. Hema nzima ikaangua kicheko, hata wasiosikia, kwa sababu waliiona ile shingo. Nikamwonyesha nyuma kwa kidole.

"Wewe, hema yako imekwisha hapa."

"Sawa, Karuga. Lakini leo bado imesimama."

Na ikasimama. Nilishika nguzo hadi sala ya mwisho, sikuondoa mtu. Angeniitia polisi, ningemwonyesha polisi punje.

Mheshimiwa alifika mwili ukiwa tayari mbele. Hakuulizia kiti. Alizungumza akiwa amesimama, akasema ana mazishi mengine Kiriaini, akaondoka. Sofa hakuitazama.

Wakati wa kushusha jeneza tuliimba. Githaiga aliimba nyuma yetu kwa ubeti mzima, kwa sauti kubwa, na alipomaliza peke yake hakuna aliyemnyamazisha. Tulimsubiri.

Jumapili, 16 Machi

Nimeosha viti. Udongo mwekundu, unatoka polepole. Hakuna kilichovunjika. Vitambaa vya sofa vina ugoro kidogo.

Jana simu haikulia siku nzima. Nilianza kufikiria kuuza hema. Nani atanunua. Nimemwambia mke wangu sijutii, akasema hajaniuliza.

Jioni Karuga amepiga. Shangazi yake amefariki, mazishi ni Alhamisi, anataka hema. Ya Ijumaa hakuyataja. Ameniita kijana.

Hema ya yule wa Kutus imepasuka.