Fundi, Kifungo Hajajibu Bado

Kitendawili! Wewe unayesoma, sema "Tega," usione haya. Mlinzi wangu ana macho manne, hakuna hata moja linaloona, na bado ndiye anayefunga mlango wa kifua. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni kifungo cha shati.

Wewe hiki ulikijua tangu hujang'oka meno ya utoto, Fundi mwanangu, lakini kila nilipokitega ulijifanya umekosa ili unipe mji nifurahi. Ulinipa miji mpaka ikaisha. Siku moja ukaniambia, "Mama, chukua na ule ambao haujajengwa."

Mwaka umezunguka, umerudi palepale ulipotuacha. Asubuhi ile ulisema kichwa kinagonga. Nikakwambia lala kidogo, ukasema, "Ngoja nimalize kola hii, mwenyewe anaisubiri." Hukuimaliza. Hospitali walitueleza habari za mshipa wa kichwani, wakaeleza kwa upole na kwa maneno mengi. Mimi nilishika moja tu: basi.

Nakukumbuka na utepe wa kupimia shingoni, hata mezani, hata ukiogesha mtoto. Nakukumbuka na pini mdomoni, ukiongea kupitia hizo pini kama mtu mwenye jino bovu, na wateja wako wote walikuwa wameshajifunza lugha hiyo. "Mm-mm" ilikuwa geuka. "Mmm" ilikuwa simama wima, acha kuvuta tumbo ndani, nimeshaliona. Ulikuwa ukimpima mtu kwa jicho kabla hajafika mlangoni. "Umenenepa," unamwambia, "na hukuniaga."

Sare za watoto wa shule ulizishona na pindo la vidole vinne. Mafundi wengine walikucheka, wakasema unapoteza kitambaa. Ukawajibu kwamba mtoto si jiwe, atarefuka, na mama yake mwakani hana haja ya kuja kulia hapa. Unafungua pindo, unapiga pasi, sare mpya hiyo. Mpaka leo nikikaa barazani watoto wa shule wakapita, nawajua wako kwa ule mstari wa pindo la zamani.

Pasi hukupiga wewe. Alipiga rafiki yako, meza zenu zilikuwa zinatazamana, mlicheka siku nzima kama watu wasio na kazi. Alipougua, akakwambia, "Nishikie mtoto kidogo." Kidogo hicho kikawa miaka mitano, maana yeye hakuamka tena. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Uliingia naye kwangu amelala begani kwako, viatu vyake umevitia mfukoni, ukasema, "Mama, tumeongezeka."

Jirani yetu muuza mkaa hakukawia. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Fundi! Hujaolewa, hujazaa, umejitia kifungo cha maisha hivihivi?"

Ulitoa pini mdomoni, zote, jambo ambalo hukulifanya hata kwa wateja wakubwa. "Ndiyo, jirani," ukasema. "Na shati lisilo na kifungo ni kitambaa chenye mikono tu."

Muuza mkaa alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mtoto akawa Kifungo, jina lake lenyewe likabaki la shuleni.

Yeye naye alikuita Fundi, kama wateja. "Fundi, nina njaa." "Fundi, amenipiga." Watu wakashangaa, mtoto gani anamwita mzazi kwa kazi yake? Ukasema mwacheni, neno mama si shati la kumvalisha mtu kwa nguvu. Lakini mimi nilikuzaa, najua. Siku moja tunakunywa chai ulimuuliza kwa mzaha, "Hivi Kifungo, mimi ni nani wako?" Akatazama kikombe chake, akasema, "Chai imepoa." Tulicheka wote. Na wewe ulicheka, kisha ukarudi kwenye cherehani, ukakaa umeshika gurudumu bila kulizungusha.

Siku ya msiba wako wafiwa tulikaa mstari mmoja, mimi, kaka yako, wifi yako, na Kifungo mwishoni. Watu wakapita wakitupa mkono, pole mama, pole mzee, pole dada. Bwana mmoja alipofika mwisho wa mstari alikuta kiganja cha mtoto kimenyooshwa, akaweka humo glasi tupu. "Peleka jikoni, mama." Alidhani ni mtoto wa jirani anayesaidia. Kifungo akaipeleka. Hakurudi kwenye mstari, tulimkuta jikoni anaosha glasi za watu, na alipomaliza akaziosha tena.

Fundi, nikwambie ukweli wa nyumba hii, maana wewe huwezi kuuficha wala kuutangaza. Nimelemewa.

Kola uliyoiacha nilitaka kuimalizia mimi. Miwani mbili nilivaa, moja juu ya nyingine. Mwenye shati alipokuja kulijaribu, akahangaika ndani yake kama kuku kwenye gunia, halafu nikasikia sauti, "Bibi, samahani, kichwa nikipitishe wapi?" Nilikuwa nimeishona kola pamoja na shingo yenyewe. Kifungo alicheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Alicheka, akacheka, kicheko kikageuka kikawa kilio. Tukalia wote, na yule bwana shati limemkaa kichwani hajui ashike wapi.

Cherehani sasa nimeifunika shuka. Magoti yangu yanalia kama bawaba. Nikiinama kuokota kitu naokota na kingine kilichoko karibu, maana sijui kama nitaweza kuinama tena. Na Kifungo anarefuka. Lile pindo la vidole vinne ulilomwachia, nimelifungua. Nililifungua kidogo, nikafungua tena, limekwisha, na magoti ya mtoto yako nje. Nimekaa na ile sare mapajani nikitafuta kitambaa cha kushusha, hakuna.

Tena ameanza tabia moja. Nikisinzia mchana kwenye kiti, nafungua macho namkuta amesimama mbele yangu, kimya, ananitazama kifuani. Anaangalia kama kinapanda na kushuka. Nikimuuliza, "Unataka nini, mama?" anasema, "Hakuna." Anakwenda kucheza. Anarudi tena.

Mwezi uliopita akaja mwanamke amevaa vizuri, amebeba mfuko wa zawadi. Dada wa baba yake. Baba yake Kifungo hatukuwahi kumwona hata kivuli, sasa dada yake huyu, ameketi kwenye kiti chako.

"Mama," akasema, "Mungu awalipe kwa kumlea. Sasa ni wakati wa damu kurudi kwa damu."

Nikamuuliza, "Hiyo damu ilikuwa wapi mtoto alipougua surua?" Kaka yako akanikanyaga mguu chini ya meza. Wewe unamjua kaka yako, mikono ya kuchomelea vyuma, miguu nayo vilevile. Sikutembea vizuri siku mbili.

Lakini huyo shangazi si mtu mbaya, Fundi. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Alilia. Alisema hakujua kama mtoto yupo, alisikia majuzi tu, na tangu asikie hajala akashiba. Kwake kuna bomba la maji ndani, kuna watoto wengine wawili wa rika lake. Nikamtazama, nikajitazama, bibi kizee wa kupofuka na magoti ya bawaba. Nikajiuliza: nikimshika huyu mtoto, namshika ili iweje? Ili miaka michache ijayo aje kuosha glasi za msiba wangu? Na nikimwachia, nitakwambia nini? Wewe uliambiwa shika kidogo, ukashika mpaka mwisho. Mimi mama yako ndiye nifungue vidole?

Shangazi yake akaenda ofisi ya ustawi wa jamii, ndivyo inavyotakiwa, simlaumu. Afisa akaja, msichana mdogo tu, akaniamkia vizuri. Akauliza, "Bibi, mtoto huyu ni nani wako?"

"Mjukuu wangu."

"Binti yako ndiye aliyemzaa?"

Kaka yako akajibu hapana.

"Kwa hiyo marehemu alikuwa mlezi," akasema, akaandika. Neno lenyewe si tusi, lakini nililisikia kama mkasi. Akanieleza polepole. Mlezi akifariki, ulezi umeishia hapo, na ndugu wa damu ndiye wa kwanza kufikiriwa. Lakini kama mtoto mwenyewe anamjua marehemu kuwa mama yake, basi hapa ni kwa mama yake, na mimi ni bibi yake, na hilo litawekwa mezani lipimwe. "Ana miaka tisa, ana mdomo wake. Nitaandika atakachosema yeye, si mtakachosema nyinyi."

Akainama mbele ya Kifungo. "Mwanangu, Fundi alikuwa nani wako?"

Kifungo akatazama vidole vya miguu yake.

"Alikuwa mlezi wako? Rafiki wa mama yako? Mama?"

Shangazi yake alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Mtoto kimya, kama hakuulizwa yeye. Yule binti akafunga daftari lake, akasema hataki kumbana mtoto, atarudi Jumatatu baada ya kumbukumbu yako, na akiondoka hapo atakuwa na jibu au hana, lakini ataandika.

Fundi, nimembembeleza. Nimemwambia, "Sema mama, ni neno dogo, midomo inagusana tu mara mbili, hata mtoto wa kutambaa analiweza." Akafunga midomo, ikagusana mara moja, ikabaki hivyo. Nimemtegea vitendawili, anajibu vyote, nikifika kwa hicho cha Fundi ni nani ananyamaza. Nimemkaripia, Mungu anisamehe, nimemwambia huna shukrani, aliyekushonea kila uzi uliovaa humjui ni nani? Akaondoka akaenda kukaa chini ya meza ya cherehani, ndani ya ile shuka, pale alipokuwa akikaa ukishona. Wifi yako akamfuata na mkate, mtoto akautoa mkate akauweka nje ya shuka.

Mimi ni mtu wa vitendawili, mwanangu. Nimetega, nimetegewa, nimeshinda watu wazima. Hiki kimenishinda. Nimekosa, natoa mji, natoa na nyumba, na aliyemo ndani ya nyumba sijui kama ni wangu nimtoe. Kila nikiona mtu anapita na mkoba nadhani Jumatatu imefika.

Nisikilize basi, kama huko mnasikiliza. Kama kuna njia ya kumnong'oneza mtoto, mnong'oneze. Kama anatakiwa kwenda, na bomba la maji ni bora kuliko mimi, basi mnong'oneze hilo pia, nitamfungia nguo zake mwenyewe. Ila asiende huku watu wakiandika kwamba hapa palikuwa kwa mlezi. Hukumshonea mtoto wa mtu pindo la vidole vinne. Ulimshonea mwanao arefuke nalo, na ulitegemea uwepo kulifungua.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, ambaye bado anakusikia ukiongea na pini mdomoni. Unakumbukwa na kaka yako mchomeleaji, aliyelia nyuma ya kile kioo chake cheusi cha kazi akidhani hatumwoni. Unakumbukwa na wifi yako, na majirani, na muuza mkaa ambaye siku hizi akipita mlangoni hapigi kelele, na wateja wako wote uliowaambia wamenenepa. Siku zote zilizobaki tutakutaja, hata tukibaki wawili, hata tukibaki mmoja.

Nimeandika mpaka hapa, na kaka yako amekaa mezani anayanakili vizuri ili ayapeleke gazetini leo, maana mwandiko wangu unapanda mlima. Amefika kwenye majina ya wanaokukumbuka. Ameinua kalamu.

"Mama," ananiuliza, "na Kifungo? Tumwandike nani wake?"

Nimemwambia aache nafasi wazi. Nimesema hivyo kwa sauti ndogo, lakini chumba ni kidogo vilevile, na shuka ya cherehani imetikisika. Mtoto ametoka huko chini, nyuzi zimemganda kwenye nywele. Amekuja mpaka mezani, ameshika mgongo wa kiti cha mjomba wake.

"Yule wa kwanza nilimwita mama," amesema, "akafa. Nikasema huyu nisimwite."

Kaka yako kalamu imemganda hewani.

"Sikumwita," amesema Kifungo, "na amekufa vilevile. Andika, mjomba. Andika ni mama yangu."