Uzi wa Zambarau Kwenye Faili ya Itumbe

Mama Kerubo,

Hukunizaa, na wanao wakisikia nakuita hivi watasema nimejipachika. Waseme. Miaka sita tulikaa meza moja katika ofisi ya watoto, na kazi yote ninayoijua ni wewe uliyenifundisha, kuanzia namna ya kumpokea mtoto aliyeletwa na polisi bila viatu mpaka namna ya kumfukuza kwa heshima mzee anayetaka kuchungulia faili ya jirani yake. Leo ni Jumamosi, ofisi imefungwa, nami nimekuja na ufunguo wangu nikakaa kwenye kiti chako. Nimefanya kosa, Mama. Nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mwingine atakayelielewa.

Wacha kwanza nikwambie yaliyobadilika. Kwenye meza yako sasa kuna printa. Yale makabati ya mbao yaliyokuwa yakilia kila ukiyafungua yalitupwa, tukaletewa ya chuma. Afisa wetu ni kijana mpole, hana kiburi hata kidogo, ila anaamini kwamba jambo lisiloandikwa halipo. Mgomba uliopanda nyuma ya choo umezaa, tukala ndizi zako tukikutaja. Nililia, nikasingizia moshi, na hapakuwa na moto wowote.

Miezi miwili baada ya kukuzika kule kwenu Nyamira, afisa alituambia wakaguzi wanakuja. Faili zote za malezi ya kambo, zile za familia zinazokaa na mtoto wa watu kwa muda mpaka apate kwao, zilitakiwa kuvishwa majalada mapya. Unanijua mimi na usafi wangu. Ulikuwa ukinitania kwamba siku moja nitafagia mpaka jina langu mwenyewe. Basi nilifagia. Nilichukua makasi nikakaa chini sakafuni, na kila faili iliyofungwa uzi wako niliukata.

Naziona nyuzi hizo hata sasa. Ulikuwa unafuma kila wakati, sweta za wajukuu, vitambaa vya kochi, na faili fulani ulizifunga kwa sufu iliyokuwa mkononi siku hiyo, ukaweka mafundo mawili. Hukuniambia sana. Uliniambia mara moja tu, nikiwa mgeni, nilipotaka kupeleka faili ya namna hiyo kwa afisa isainiwe: "Kwamboka, faili ikiwa na uzi usipandishe. Niulize kwanza."

Nami nilikuuliza kila mara. Wakati mwingine uliendelea kufuma tu, nikajua familia hiyo haipati mtoto. Nilikuja kuelewa polepole. Watu wetu hawaandiki neno juu ya jirani. Mwanamke atakueleza kwenye foleni ya kupima majani chai, akitazama kikapu chake, kisha atakwambia, "Mimi sikusema, na wewe hukusikia." Ukimletea karatasi aweke saini, hata hiyo nyumba haijui iko wapi. Wewe ulikuwa karani, si afisa, na uliyoyasikia hayakuwa na mwenyewe. Ukayafunga kwa uzi.

Sasa ulipokwenda, Mama, wa kuulizwa hakuwepo tena. Niliziangalia zile nyuzi nikajiambia, hizi ni za nini sasa, hakuna anayezisoma. Nikakata. Nyuzi zenyewe sikuzitupa, nilizitia kwenye mkebe wa majani chai kwa sababu zilikuwa na harufu ya mafuta yako. Wakaguzi walikuja, wakasifu majalada, wakanipiga picha nimesimama kando ya kabati. Nilitabasamu kama mjinga.

Mwezi wa tatu baada ya hapo tulimpata Moraa. Ana miaka sita. Nyanya yake alifariki upande wa Nyamira, na yeye alikutwa amekaa mlangoni akingoja apikiwe. Tulitafuta jamaa zake kila mahali. Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga simu, nikaenda kwa chifu wao, nikauliza kanisani kwao. Hakuna. Mama yake alikuwa mtoto pekee, baba hajulikani. Niliandika kwa mkono wangu kwenye faili yake: hana mjomba, hana shangazi.

Nikatafuta familia. Ile ya Itumbe ilikuwa juu kabisa ya kabati, jalada safi, barua ya kanisa, barua ya chifu, nyumba ya matofali, ng'ombe wawili. Bwana ni mzee wa kanisa la Sabato, sauti yake laini. Mke wake haongei sana. Waliwahi kukaa na msichana mwingine, na karatasi ilisema vizuri kwamba baadaye alichukuliwa na shangazi yake wa Tabaka. Nikaipandisha faili. Ilisainiwa siku hiyohiyo. Nilimpeleka Moraa mwenyewe, nikamnunulia mandazi njiani, akanishika kidole njia nzima mpaka kwenye geti.

Nilirudi kumwona baada ya wiki tano. Mama, yule mtoto aliyekuwa akiniuliza jina la kila ng'ombe barabarani hakuniuliza kitu. Alikuwa msafi, nywele zimechanwa, amekaa pembeni mwa kochi na mikono chini ya mapaja. Uji ulipoletwa hakuunywa mpaka bwana alipokohoa. Nilimuuliza kama yuko sawa. Akamtazama yeye kwanza, ndipo akasema yuko sawa. Nilipotoka, jirani aliyekuwa akichuma majani ng'ambo ya ua aliinua kichwa, akanitazama usoni, akainama tena haraka.

Nilirudi ofisini moja kwa moja. Nikaitoa faili ya Itumbe, nikaisoma yote, sikuona kitu. Nikawa naifunga ndipo nikaona kwenye tundu la karatasi ya chini kabisa kuna nyuzinyuzi zimenasa. Nilizitoa kwa ncha ya sindano. Zilikuwa za zambarau. Nikaona pia ukingo wa zile karatasi umeingia ndani, mstari baada ya mstari, mahali uzi ulipobana kwa miaka.

Zambarau ulifuma mara moja tu. Ilikuwa sweta ya Ombati wangu, nilipokuwa likizo ya uzazi. Uliileta nyumbani mwenyewe, na mkono wa kushoto ulimalizika kwa sufu nyeupe. Nilikucheka. Ukasema, "Ile ingine iliisha. Niliitumia kazini." Hukucheka nami, na mimi nilidhani umechoka. Siku ile viatu vyako vilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Nakumbuka kwa sababu nilikukaripia kuhusu zulia langu.

Nilifungua mkebe. Uzi wa zambarau ndio mrefu kuliko zote. Faili ile uliizungushia mara nne.

Tena tarehe zinakubaliana. Ombati alizaliwa mwezi uleule ambao msichana wa kwanza aliondoka Itumbe. Nimetafuta huyo shangazi wa Tabaka. Nimepita kwa wachongaji wa mawe, kwa wenye maduka, kwa naibu chifu wa huko. Hakuna anayemjua shangazi huyo. Hakuna anayemkumbuka msichana. Nadhani na wewe ulipita njia hizo hizo.

Nakukasirikia, acha niseme. Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuandika hata kwa penseli? Halafu nakumbuka yule mwanamke wa kikapu, ambaye angejulikana siku hiyohiyo, na hasira inageuka inanirudia mimi mwenye makasi.

Jumatatu nilimpelekea afisa. Nilimwekea uzi mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, hakunidharau. Mwishowe akasema, "Madam, uzi si ushahidi. Niletee taarifa yenye jina." Nilizunguka Itumbe wiki nzima. Wale wanawake walinisalimia vizuri, wakaniuliza habari za watoto, wakapima majani yao wakaenda. Hawanijui kama walivyokujua wewe. Jana nilimkuta yule jirani wa ua peke yake. Sikumuuliza kitu. Nilifungua mkoba nikamwonyesha uzi tu. Aliweka kikapu chini, akakutaja kama mama mzee anavyotajwa kwetu, akasema, "Omong'ina alikuwa na huo." Kisha akaanza kulia bila sauti.

Nilikuwa nimepanga kusubiri Jumatatu. Leo asubuhi simu yangu imelia. Alikuwa bwana wa Itumbe, na nyuma yake nilisikia watu wakiimba kanisani. Alinisalimia kwa Ekegusii, akaniuliza hali ya Ombati, na sijui nani alimtajia jina la mwanangu. Kisha akasema kwa ile sauti yake laini, "Madam, nilitaka tu ujue, ofisi isije ikasumbuka. Kesho asubuhi tunampeleka Moraa kwa shangazi yake huko Tabaka, akae kidogo."

Nilisema asante. Ndiyo, Mama, nilisema asante.

Nimempigia afisa, yuko Nairobi kwa mazishi, lakini safari hii hakuniuliza jina la shahidi. Amesema niende na naibu chifu nimtoe Moraa leo hii, atazungumza na polisi. Naibu chifu wa Itumbe naye anasali, anatoka saa saba. Nitamngojea mlangoni pa kanisa hilohilo, mbele ya bwana na waimbaji wake wote. Taarifa nimeshaiandika. Nimeandika uliyoyajua wewe na niliyoyafanya mimi, makasi na yote, na chini nimeweka jina langu kamili na namba ya kitambulisho. Wakitaka kunifuta kazi wana karatasi. Uzi nimeubandika juu yake kwa pini.

Pumzika, Mama Kerubo. Pumzika kwa sababu mimi siwezi tena. Nakuahidi kwamba lisiloandikwa nitaliandika, na litakuwa na mwenyewe. Nakuahidi pia kuhusu yule wa kwanza, ambaye hata jina lake niliogopa kulitaja katika barua hii. Anaitwa Nyaboke. Nikishampata Moraa nitaanza kumtafuta yeye, popote alipo, hata kama ni pale ninapopafikiria.

Sasa ni saa sita na robo. Nafunga ofisi yako. Moraa hana shangazi.

Wako,
Kwamboka